Dakika Kumi na Saba za Kivinje

Zile korosho mlizozifakamia Jumatatu pale chumba cha walimu zina kisa chake. Mlikula, mkasifu, mkaniambia, "Haya, tupe ya Kilwa," nami nikajifanya nina madaftari ya kusahihisha. Madaftari hayakuwepo. Nilikuwa naona haya, na hata sasa naona haya, ndiyo maana nimeamua kuandika badala ya kusema. Kwenye karatasi hamtaniona uso.

Mnanijua. Mimi ndiye refa asiyecheka. Nimepuliza filimbi ya netiboli tangu enzi zile mchezo wenyewe ulikuwa wa wasichana wa shule tu, ukiolewa unatundika daluga hata kama ulikuwa ukicheza pekupeku. Nimeuona ukikua mpaka wauza maandazi wana timu, wauguzi wana timu, majeshi yanaajiri mabinti kwa ajili ya mikono yao mirefu. Kwa hiyo ilipokuja barua kutoka Lindi kwamba wanataka mwamuzi wa nje ya mkoa, asiyejuana na mtu, achezeshe mechi ya mwisho ya kutafuta timu itakayouwakilisha mkoa kwenye mashindano ya taifa, nilijiona mimi ndiye netiboli yenyewe. Mambo ya vibali na ruhusa nayaruka, hayana utamu.

Mafinga hadi Mbagala

Tulikwama Kitonga kwa saa mbili na nusu. Lori la mbao lilikuwa limelala kwenye kona, abiria tukashuka kuota jua. Jirani yangu wa kiti alikuwa mzee mmoja mfanyabiashara wa viazi, mcheshi, mwenye koti zito ambalo hakulivua mpaka Morogoro. Aliniuliza naenda wapi. Nilipomwambia naenda Kilwa kuchezesha netiboli alicheka, akauliza kama ule mchezo wa kuruka na sketi bado upo.

Tulipofika Ruaha Mbuyuni, kila mtu akining'iniza mafungu ya vitunguu dirishani, mzee akaanza kunisimulia habari za binti yake. Kumbe binti yule alichukuliwa na timu ya jeshi kwa sababu ya huo huo mchezo wa sketi, akapata ajira, na sasa anamjengea baba yake nyumba ya matofali. Nikamwambia, basi mzee, hiyo nyumba yako ina pete mbili, moja mbele na moja nyuma. Akacheka mpaka akakohoa.

Hapo ndipo nilipopata mimbari. Kutoka Mbuyuni hadi Morogoro nilimhubiria yule mzee habari ya nidhamu. Nilimwambia kinachoidumaza netiboli ya nchi hii si uhaba wa vipaji, ni watu kuchelewa. Sheria ya mashindano inasema timu inasubiriwa nusu saa, baada ya hapo mwenzake anapewa ushindi wa mezani. Mzee akaniuliza kwa upole, hata kama wana sababu? Nikamjibu kwamba sababu haina namba uwanjani. Jibu lile nililipenda mno. Nililirudia kwa binamu yangu Mbagala nilikofikia, tukiwa tunakula ugali kwa dagaa, naye akasema kweli dada, wewe ni mkali.

Mbagala hadi Nangurukuru

Joto la huko lilinivamia tangu alfajiri. Sisi wa Mafinga tumezoea kuoga maji ya moto na kulala na mablanketi mawili, na humo ndani ya basi nilikuwa nimevaa sweta kwa mazoea tu. Tulivuka Rufiji vizuri. Karibu na Somanga tukakuta barabara imeliwa na mvua, mafundi wanajaza kifusi, magari yanapita upande mmoja kwa zamu. Zamu yetu ilichukua saa tatu.

Sikulalamika sana kwa sababu ya samaki. Somanga wanakaanga samaki na kukuuzia na chapati, unakula umesimama. Mama aliyeniuzia aliiona filimbi shingoni mwangu akaniuliza kama mimi ni trafiki. Nilipomweleza, alifurahi, akaniita niende nyuma ya banda lake nikaone. Kulikuwa na uwanja wa mchanga na nguzo mbili za miti, kila moja na pete ya nondo iliyochomelewa na fundi baiskeli. Alisema wakishamaliza kuuza samaki wanacheza, wakubwa kwa wadogo, na waume zao siku hizi wanakuja kushangilia, mwanzoni walikuwa wanakuja kuwaita wakapike. Badala ya kumpongeza nilimwambia pete ziko chini, zinatakiwa futi kumi. Akasema ahsante, watazipandisha.

Akaniuliza nachezesha nani. Nikamwambia Kivinje na Songo Songo. Uso wake ukabadilika kidogo. "Kivinje wana yule kapteni wao, Hadija," akasema. "Maskini, mama yake..." Konda akapiga ubavu wa basi, watu wakaanza kukimbia, nami nikakimbia na samaki wangu mkononi bila kusikia mwisho. Nimeifikiria sentensi ile mara nyingi. Ningechelewa nusu dakika tu ningeisikia yote, ila mimi, mnajua, sichelewi.

Kivinje

Asubuhi ya mechi niliamka bila hamu ya chai kwa sababu ya joto, nikaenda uwanjani mapema. Katibu wa mashindano wa pale Kivinje, bwana mpole aliyevaa kanzu na kofia, alinionyesha uwanja, akanipa fomu, kisha akasema, "Mwalimu, naomba nitoke kidogo. Kuna jambo hapo mtaani, halichukui muda." Sikumuuliza ni jambo gani. Kwetu mtu mwenye jambo hulitaja. Sikujua kuwa huko mgeni hatupiwi msiba mlangoni, unamsubiri aulize. Mwamuzi mwenzangu alikuwa atoke Masoko, akapiga simu kusema gari limemharibikia. Nikabaki peke yangu na saa yangu.

Wanawake wa Songo Songo walikuwa wameshafika na boti ya mashine. Wawili walikuwa wamekaa chini wakinyonya ndimu, matumbo yao hayajatulia kwa mawimbi. Kapteni wao, Bi Rehema, mwanamke wa makamo mwenye sauti nzito, alinisalimia kwa heshima, akaipanga timu yake, wakaanza kupasha misuli.

Saa nne kamili, muda wa mechi, upande wa Kivinje hakukuwa na mtu. Saa nne na dakika kumi, hakuna mtu. Jua lilikuwa linachoma, tumbo linanguruma, na kichwani nasikia ile hotuba yangu ya basini. Bi Rehema alinisogelea akasema, "Mwalimu, tuvute subira. Kivinje hawana kawaida hii." Nilimwonyesha saa yangu.

Sasa nawaambieni ninyi jambo ambalo kule sikumwambia mtu. Saa nne na dakika kumi na saba nilipuliza filimbi mara tatu kwenye uwanja ule. Si nusu saa. Dakika kumi na saba. Kwenye fomu kuna nafasi ya kuandika muda wa kusubiri, nami nikaandika thelathini, kwa hati yangu nzuri mnayoisifia. Sina kisingizio. Ilikuwa njaa, jua na kujiona. Nilijisemea kwamba mtu wa kuchelewa dakika kumi na saba atachelewa hata thelathini, kwa hiyo nimeokoa muda wa kila mtu.

Nilimpa Bi Rehema fomu aweke sahihi. Aliweka kidole kwenye ile thelathini. "Saa ni yako, mwalimu," akasema, akatia sahihi. Nikaipiga picha fomu, nikaituma kwenye kundi la kamati, nikarudi chumbani kwangu kunawa uso.

Barua ya mwaliko ilikuwa imesema baada ya mchezo kutakuwa na chakula kwa timu na waamuzi. Kwa hiyo nilipotoka nikafuata harufu ya pilau mtaa wa pili, nikakuta turubai, mikeka, masufuria makubwa, na wale wale wanawake wa Songo Songo wamejifunga kanga juu ya suti zao za michezo, wengine wanateka maji, wengine wanaosha masinia, sikuwa na shaka hata chembe. Nilisema moyoni, angalau Kivinje wanajua kupika. Mama mmoja akanipokea: "Karibu, mwalimu. Vua viatu, pita ndani."

Nilimwamkia bibi kizee aliyekaa karibu na mlango, nikaketishwa kwenye sinia pamoja na wanawake watatu. Mmoja wao, aliyekaa mbele yangu, alikuwa mwembamba wa mikono mirefu, kanga imemziba mpaka shingoni. Nilikula, jamani. Pilau ile ilikuwa na nyama laini na kachumbari ya embe bichi, nami sikuwa nimetia kitu tumboni tangu samaki wa Somanga. Na nilipokuwa nakula nilikuwa naongea. Nilisema timu ya hapa imetia aibu. Nilisema netiboli inakua nchi nzima, wanawake wa kila mahali wanaamka, huku pwani watu bado wamelala. Nilisema mtu asiyeheshimu muda asidai kuheshimiwa.

Yule mwembamba alichukua kipande kizuri cha nyama kilichokuwa upande wake wa sinia, akakisukuma kwa vidole viwili mpaka upande wangu.

"Kula, mwalimu," alisema. "Umetoka mbali."

Nilikula. Kisha, kwa kuwa mimi ni mtu wa adabu, nikasimama kutoa shukrani. Nikawashukuru waandaaji kwa mapokezi haya mazuri, nikasema nitaipeleka sifa ya Kivinje mpaka Mafinga. Mikono ikasimama kwenye masinia. Yule bibi wa mlangoni ndiye aliyenihurumia.

"Ahsante, mwanangu, umesema maneno mazuri," akaniambia. "Ila hapa ni hitima. Mdogo wangu leo ametimiza siku tatu kaburini. Huyo uliyekula naye ndiye bintiye. Kaa, ukamilishe chakula chako."

Nakumbuka Bi Rehema alinifuata kwenye pipa la maji nilikokwenda kunawa, akanieleza taratibu, bila kunilaumu. Yule mwembamba ndiye Hadija, kapteni wa Kivinje. Marehemu mama yake aliuza bagia miaka mingi, na mpira wa kwanza wa timu ile aliununua yeye kwa faida ya bagia. Ndugu walibishana kama ni sawa Hadija acheze siku ya hitima ya mama yake, na yule bibi ndiye aliyekata shauri kwamba acheze hapo hapo dua ikiisha, marehemu angetaka hivyo. Walijua sheria ya nusu saa. Walipiga hesabu wakaona dua itakwisha, watakimbia, watawahi. Na wale wanawake watatu wa sinia yangu, nilipowatazama tena, niliona kola za bluu zikichungulia chini ya kanga. Walikuwa wamesoma dua na jezi mwilini.

Nilirudi nikampa Hadija pole. Pole yenyewe ilitoka na harufu ya pilau. Kuhusu dakika sikusema kitu.

Masoko

Nililala Masoko siku ile, maana Kivinje nisingeweza kumtazama mtu. Nilijaribu kuifuta ile picha ya fomu, lakini ilikuwa imeshaonekana na kila mtu, na chini yake watu wa kamati walikuwa wameandika hongera mwalimu, huo ndio uamuzi, tunahitaji watu kama wewe. Mwenyekiti akapiga simu kuniambia Kivinje wameomba wasikilizwe, kwa hiyo nifike Lindi kwenye kikao. Nilitaka kumwambia kweli. Nikamwambia nitafika.

Mwenye nyumba ya wageni aliniletea pweza wa nazi. Nilisema tumbo linauma, nikampa paka wake.

Mchinga

Gari la kwenda Lindi lilichemsha Mchinga. Dereva alifungua boneti, akasema tusubiri fundi kutoka Lindi, watu wakatawanyika kwenye kivuli. Nilinunua dafu. Ng'ambo ya barabara, kati ya minazi, kulikuwa na wanawake wakicheza netiboli, nao upande mmoja walikuwa sita badala ya saba. Mmoja akaniita: "Mama, huna kazi, njoo utusaidie ulinzi."

Nilivua viatu nikaingia. Sikuwa nimecheza kwa miaka mingi. Kwa kitambo kile cha nusu saa nilisahau kila kitu, nilidaka, niliruka, nilianguka mchangani wakanicheka nami nikacheka, mimi huyu mnayesema sicheki. Tulipopumzika, yule aliyeniita, mnene mwenye maneno mengi, akawauliza wenzake kama wamesikia yaliyowapata Kivinje. Habari ilikuwa imeshazunguka pwani nzima kwa simu. Akasema kuna refa wa kutoka bara amewanyang'anya mechi wenzao wakiwa kwenye hitima, na ati akaenda kuila hiyo hitima yenyewe, tena akaomba kachumbari.

Kachumbari sikuomba, niliwekewa. Lakini ningesemaje?

"Huyo Mungu amsamehe tu," akasema mwingine. Kisha wakaniuliza mimi ninakwenda wapi. Nikasema Lindi, kusalimia ndugu. Wakaniuliza kama zamani niliwahi kucheza, maana naonekana naujua mchezo. Nikasema kidogo. Filimbi ilikuwa kwenye mkoba wangu chini ya mnazi, na kila aliyepita karibu na ule mkoba nilimsindikiza kwa macho. Walinipa dafu jingine la bure, la ahsante.

Lindi

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wenye feni moja inayozunguka na mbili zilizokufa. Kamati mezani, timu zote mbili kwenye mabenchi, Hadija mbele akiwa na kanga ile ile. Nilikuwa nimejipanga kusema kweli. Wallahi, kama wanavyoapa wenyewe, nilikuwa nimejipanga. Nilisimama. Mwenyekiti, kabla sijafungua mdomo, akaueleza ukumbi kwamba mwamuzi huyu amesafiri kutoka nyanda za juu na ni mfano wa kusimamia sheria.

Basi nikasema hivi: kwamba nilisubiri nusu saa kamili, kama fomu inavyoonyesha. Kwamba sikuwa na habari ya msiba. Kwamba baada ya kujua, moyo umeniuma, na ninaiomba kamati, kwa ubinadamu, iruhusu mechi irudiwe.

Nusu ya maneno yale ilikuwa kweli, na hiyo nusu ndiyo iliyonifanya nijisikie mchafu zaidi. Bi Rehema alisimama akasema Songo Songo hawazitaki pointi za mezani, wako tayari kucheza. Mwenyekiti akamgeukia Hadija, akamuuliza kama ana la kusema juu ya mwamuzi.

Hadija alinitazama. Macho yake hayakuwa na hasira, na heri yangekuwa nayo.

"Hatuna neno," alisema. "Mwalimu alikuwa mgeni."

Mwenyekiti akasema mwamuzi mwenye moyo kama huu ni nadra, akaomba apigiwe makofi. Wakapiga. Timu zote mbili zilipiga makofi, na mimi nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Mechi ilirudiwa kesho yake, pale pale Lindi, na mwamuzi mwingine. Nilikaa kwenye mabenchi. Hapo ndipo nilipoona kwamba kitu ukikivunja hukirudishi kwa kuomba kirudiwe. Nyumbani kwao Kivinje wangekuwa kamili. Lindi walikuja pungufu: mfungaji wao, ambaye ni muuguzi, alikuwa zamu, na mwingine mtoto wake alikuwa na homa. Nafasi ya kufunga alicheza mke wa katibu, mama mtu mzima aliyekuwa akirusha mpira kwa mikono miwili huku akisema bismillahi. Ajabu ni kwamba nusu yake iliingia. Watu walijaa uwanja ule mpaka juu ya ukuta, wanaume kwa wanawake, na mwenye duka la jirani alifunga duka akaja kutazama. Nimechezesha mechi za hadhi kubwa zaidi ambazo hazikuwa na watu nusu ya wale. Kivinje walipoteza kwa goli moja. Songo Songo walishinda na hawakushangilia, walikwenda wakawakumbatia wenzao, na Hadija alipokaa chini akaanza kulia, sikujua kama analilia mechi au mama.

Kurudi

Asubuhi yake nilikuwa kituo cha mabasi Lindi, nimeshapakia begi, nilipoona mwanamke mrefu anakuja na mfuko. Nilimfahamu, alikuwa mlinda goli wa Kivinje, Somoe, mmoja wa wale wa sinia yangu. Akaniamkia, akanikabidhi mfuko. Korosho za shamba la kina Hadija, alisema, wamezibangua wenyewe, nikawapelekee wenzangu nyumbani. Nilianza kushukuru maneno mengi, kama kawaida yangu. Alinisubiri nimalize.

"Mwalimu," akasema, "mimi siku ile nilitumwa nije kukuomba utungoje. Nilikimbia. Nilifika uwanjani saa nne na dakika ishirini."

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo siijui, nani mwingine anajua.

"Wote," alisema. "Songo Songo walikuwepo, wanajua. Sisi tunajua. Ukumbi mzima ulijua, ila mwenyekiti tu."

Kwa hiyo wale walionipigia makofi walijua. Nilimuuliza kwa nini walinyamaza. Somoe aliusogeza mfuko vizuri mikononi mwangu, kama anayemkabidhi mtu mtoto.

"Tulitaka kusema. Hadija akakataa. Akasema, huyu amekula hitima ya mama yangu, tukimvua nguo mbele za watu tutapata nini? Tumsitiri. Atasema mwenyewe. Tumsubiri."

Basi likapiga honi. Hakuniaga kwa ubaya. Alinitakia safari njema, akasimama pale mpaka tukatoka, kama mtu anavyofanya kwa mgeni wake.

Safari ya kurudi sina cha kuwasimulia. Nilipita Somanga nikamwona yule mama wa samaki, pete zake zikionekana juu ya banda, zimeshapandishwa, nami sikushuka. Mbagala binamu yangu aliniuliza kama niliwanyoosha. Mafinga nilifika mvua ikinyesha, nikauficha mfuko kabatini, ukakaa humo wiki mbili. Ndipo nikauleta kazini, kwa sababu mimi nimeshindwa kula hata moja, na kutupa riziki ya watu ni kosa jingine.

Leo asubuhi, kabla ya kuwaandikia ninyi, nimetuma barua kwa kamati ya Lindi. Nimeandika muda wa kweli, nimeomba mechi ichezwe Kivinje, uwanjani kwao, wakiwa kamili, maana mashindano ya taifa hayajaanza. Nimesema filimbi naiweka chini mpaka wao waamue. Nakala nimempelekea Hadija, na nyingine Bi Rehema. Hadi ninapoandika hapa hakuna aliyejibu, na sina haki ya kuwaharakisha. Mkitaka kunicheka chumba cha walimu, nichekeni, nitakuwepo.

Wao wamenisubiri wiki tatu. Mimi niliwasubiri dakika kumi na saba.